Kiasi cha jodari wa kuvua kinapangwaje? Swali kutoka Kigamboni

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi wa pwani, huku Kigamboni. Tuliitwa semina tukaambiwa jodari sasa ana "mkakati wa uvunaji", yaani kiasi cha kuvua kinatoka kwenye fomula, si kwenye mabishano. Tulirudi na posho na maswali. Kwanza, kwa nini tusifunge tu bahari miezi mitatu, kama Ziwa Tanganyika au kama wenzetu wa Mafia wanavyofunga pweza? Pili, hiyo fomula inafanyaje kazi, na kompyuta inajuaje samaki walioko chini? Tatu, kwenye daftari letu jodari na sehewa tunawaandika mstari mmoja. Kuna ubaya?

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. La kufunga bahari naulizwa sana pale soko la samaki la Feri, kwa hiyo tuanze nalo.

Pweza ni wa nyumbani. Anakua haraka na hahami mbali. Mkifunga mwamba miezi mitatu, siku ya kufungua mnamkuta palepale, kanenepa, na ni wenu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, dagaa na migebuka hawakuwa na pa kwenda, na nchi zinazolizunguka zilikuwa zimeshakubaliana jambo hilo. Jodari hana mwamba wala hana ziwa. Kati ya 2005 na 2007 watafiti walitia alama samaki wa jamii ya jodari, sehewa wakiwemo, zaidi ya 160,000 katika Bahari ya Hindi magharibi, wengi wao nje ya pwani yetu hii ya Tanzania. Maelfu ya alama zilirudi, na nyingi ziliokotwa na meli za nyavu za kuzingira zinazoshusha Victoria, Shelisheli. Samaki aliyepigwa alama huku alikutwa mbali, ndani ya tumbo la meli ya mtu mwingine. Mkifunga Kigamboni, mnamfungia nani?

Ndiyo maana suala hili liko mikononi mwa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, yenye makao hukohuko Victoria. Tanzania ni mwanachama tangu 2007. Kwa miaka mingi kazi ilikwenda hivi: wanasayansi wanaleta tathmini, wajumbe wanaipokea, halafu kila mmoja anaanza kueleza kwa nini kupunguza kuanze kwa jirani. Jodari, yule wa mapezi ya njano, aligundulika mwaka 2015 kuwa anavuliwa kupita kiasi. Mpango wa kumrejesha ukapitishwa mwaka uliofuata, kisha ukafanyiwa marekebisho baada ya marekebisho.

Mkakati wa uvunaji unageuza utaratibu huo. Wewe ni mtu wa kikoba, nadhani. Faini ya mchelewaji mnaiandika kwenye katiba siku ya kwanza, kabla hamjajua nani atachelewa. Mkisubiri mpaka achelewe shemeji wa mwenyekiti, hamtakubaliana kamwe. Huku nako ni hivyo: wajumbe wanakubaliana mapema kwamba samaki wakiwa kiwango fulani tutavua kiasi fulani, wakishuka tutapunguza kwa hatua fulani. Takwimu zikija, uamuzi umeshaandikwa.

Sasa fomula yenyewe. Chukua sehewa wa bahari kuu, maana ndiye aliyetangulia kupewa, mwaka 2016. Wingi wa samaki wazazi ambao wangekuwepo kama pasingevuliwa kabisa, uuite 100. Kanuni ile ilisema: wakiwa 40 au zaidi, vua kwa nguvu kamili iliyokubaliwa (nguvu ni ile sehemu ya samaki waliopo inayoruhusiwa kuvuliwa). Wakishuka chini ya 40, nguvu inapunguzwa kidogo kidogo kwa mstari ulionyooka mpaka wafike 10, na hapo uvuvi, ukiacha wa kujikimu, ni sifuri.

Piga hesabu na mimi. Samaki wakiwa 25, uko katikati kabisa ya 10 na 40, kwa hiyo nguvu ni nusu. Watu wengi huishia hapo na kusema "basi tutavua nusu". Hapana. Hiyo ni nusu ya nguvu juu ya samaki ambao wenyewe wamepungua. Nusu ya 25 ni 12.5. Zamani ulikuwa na nguvu kamili juu ya 40. Ukigawa 12.5 kwa 40 unapata asilimia 31 na kidogo. Aliyezoea kushusha tani kumi anaelekea tani tatu. Fomula ina makali kuliko inavyoonekana karatasini, na imekusudiwa hivyo. Ila iliwekewa breki ili viwanda na mabaharia wasiamke siku moja hawana kazi: kiasi kisibadilike zaidi ya asilimia 30 kwa mara moja. Breki hiyo inaachiwa samaki wakiangukia 10 au chini yake.

Kompyuta haihesabu samaki, hilo liondoe kichwani. Hakuna mtu wala mashine iliyowahi kuwahesabu. Inakadiria kutokana na vitu vinne: uzito uliovuliwa, samaki wangapi kwa kila safari au kwa kila ndoana elfu, urefu wa samaki, na alama zile nilizokueleza. Kazi nyingine ya kompyuta, ambayo semina nyingi huipita mbio, ni kuijaribu fomula kabla haijapelekwa kwa samaki wa kweli. Tunatengeneza bahari za kuigiza, nyingi sana. Katika moja makinda ni wachache, katika nyingine samaki wanakufa mapema, katika nyingine wavuvi wanadanganya takwimu. Fomula inaendeshwa humo miaka mingi, na zile zinazoua samaki tunazitupa. Jodari wa macho makubwa alipata yake kwa njia hiyo mwaka 2022. Iliyochaguliwa inalenga uwezekano wa asilimia 60 kwamba ifikapo 2034 hadi 2038 hali yake itakuwa nzuri. Asilimia 60! Mimi kwa uhakika wa namna hiyo nisingepanda boti kwenda Zanzibar. Lakini ndipo walipokutana, na kiasi cha kwanza kikatoka: tani 80,583 kwa mwaka, 2024 na 2025.

Nisikufiche, fomula nzuri inaweza kupuuzwa. Ile ya sehewa ilitoa tani 470,029 kwa mwaka kwa 2018 hadi 2020. Mwaka wa kwanza tu zilivuliwa zaidi ya 600,000. Hakuna aliyevunja sheria, na hapo ndipo penye tatizo: jumla ilikuwepo, mafungu hayakuwepo. Sufuria moja ya pilau na hakuna aliyepakuliwa sahani yake, unajua mwisho wake. Mazungumzo ya kugawana yalianza 2011, na ugomvi mkuu ni kati ya nchi za pwani kama sisi, zinazosema samaki wanapita majini mwetu, na nchi za mbali zinazosema sisi ndio tumewavua miaka yote na daftari tunalo. Sehewa hakuporomoka kwa sababu anazaa haraka na bahari ilimpendelea miaka ile. Mwaka 2024 alipewa utaratibu mpya. Jodari wa mapezi ya njano, ambaye ndiye mwenye pesa pale mnadani, hadi kikao cha mwaka huo alikuwa hajapata wake.

Na hawa watatu hawavuliwi kila mmoja kivyake. Meli za kuzingira hutupa baharini vivutia samaki, wenyewe wanaviita fadi, vyenye maboya yanayozungumza na setilaiti. Chini yake sehewa mzima wa sentimita 45 anaogelea na mtoto wa jodari wa urefu huohuo. Sehewa huyo ameshazaa. Mtoto wa jodari bado kabisa, mpaka akaribie mita moja. Ukiongeza kiasi cha sehewa kinachovuliwa kwa fadi, umeongeza na watoto wa jodari, hata kama fomula haikuwataja. Hapa ndipo naona kazi kubwa iliyobaki.

Tukirudi kwenye daftari lako: ubaya upo, tena mkubwa. Wengi wetu tunaita "sehewa" samaki wawili. Mmoja ni yule wa bahari kuu, mgongo safi, tumboni ana mistari minne mpaka sita iliyolala kutoka kichwani kwenda mkiani. Mwingine ni wa karibu na pwani, mgongoni ana michirizi ya mawimbi, na chini ya pezi la kifuani ana madoa machache meusi kama mtu aliyedondoshewa wino. Fomula niliyokueleza ni ya yule wa mistari tu. Ukiwaandika pamoja, tena na jodari juu yake, tani zenu hazimsaidii yeyote, na siku ya kugawana mafungu Tanzania inaonekana ilivua kidogo.

Weka safu nne: jodari, macho makubwa, sehewa wa mistari, sehewa wa madoa. Jodari wadogo na macho makubwa wadogo wanafanana sana, hata wapagazi wa zamani wa Feri hukosea. Angalia katikati ya ukingo wa mkia: jodari ana pengo kama herufi V, macho makubwa pamekaa bapa. Ukibaki na shaka na samaki anapasuliwa, tazama ini: la jodari ni laini, la macho makubwa lina michirizi ya mishipa juu yake.

Urefu pima kutoka ncha ya mdomo hadi panda ya mkia, utepe ukiwa umenyooka, usilale juu ya mwili. Kiwango cha kamisheni ni angalau samaki mmoja kwa kila tani, na pima kabla mpasuaji hajashika panga, maana kichwa kikishakwenda kwa mama wa supu huna kipimo tena.

La mwisho hukuliuliza, lakini nimeona madaftari ya BMU kadhaa. Mnaandika siku za samaki tu. Boti iliyotoka usiku kucha na jarife, ule wavu wa samaki wakubwa, ikarudi na barafu yake ikiyeyuka, haimo. Kwa mtu wa hesabu, siku hiyo ina thamani sawa na siku ya neema, kwa sababu bila hiyo kila safari inaonekana imepata samaki na bahari inaonekana imejaa. Andika tarehe, boti, zana, saa ngapi majini, na sifuri. Na kama hukuwepo pwani siku hiyo, acha wazi au andika "sijui". Usiweke sifuri, hiyo tumeshaipa kazi nyingine.