Homa ilikwisha, vidole vikabaki

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ugonjwa gani ulikuacha lakini haukuondoka?" Wangu ni chikungunya, homa ya virusi inayoletwa na mbu.

Homa ilinishika mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimechachamaa hapa Newala. Kipimo cha malaria kikaonyesha sina. Siku ya tano homa ikashuka, majirani wakanipa pole, na pole zikaishia hapo. Mwezi wa kumi korosho zilipoanza kudondoka ndipo nilipojua kwamba bado.

Asiyewahi kuokota korosho hajui kazi ya dole gumba. Korosho inaanguka na bibo lake. Unaishika, unaizungusha, inang'oka, unachukua nyingine, hadi jua linapanda. Mimi nikizungusha kumi tu, maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Asubuhi ndiyo balaa. Vidole vimekakamaa kama nimelala nimeshika mpini wa jembe, sharti nivitie kwenye maji ya moto ndipo vikunjuke. Wifi yangu akaanza mafumbo, eti shamba siku hizi lina wageni. Zahanati nikaambiwa ni umri. Nina miaka 38!

Aliyenitetea ni baba mkwe. Alikuwa mtoto mdogo ugonjwa huu ulipozuka huku kwetu mwaka 1952, ule mlipuko uliowafanya wataalamu wautambue kwa mara ya kwanza. Akasema jina lenyewe ni la Kimakonde, linamtaja mtu aliyekunjamana kwa maumivu. "Wazee wangetaka kuitaja homa wangeitaja," akasema. Wao waliona viungo.

Daktari mmoja wa Mtwara mjini hakumpinga. Alinieleza kwamba kirusi hutoka mwilini, ila maumivu ya viungo kwa baadhi ya watu hukaa miezi, hata miaka, na dawa ya kukiua kirusi chenyewe haipo. Akanipa za kutuliza maumivu na mazoezi mepesi ya vidole.

Na mbu wake, jamani, huuma mchana. Usiku tunajichimbia kwenye chandarua, kumbe keshakula. Anazaliana kwenye maji yaliyotulia, na huku juu maji ni ya shida, kila nyumba ina pipa la mvua. Langu sasa nalifunga kwa kitenge na kamba.

Msimu huu watoto wanang'oa, mimi naanika na kuchambua. Wifi bado ananuna.

Msomaji, Newala