Seli zote zimekataa: msawazo uko wapi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uchumi, mwaka wa pili chuo kikuu. Katika zoezi la nadharia ya michezo, mchezaji A huchagua Juu au Chini, na B huchagua Kushoto au Kulia. Malipo, ya A yakitangulia, ni haya: Juu na Kushoto (3, 0), Juu na Kulia (0, 1), Chini na Kushoto (1, 2), Chini na Kulia (2, 0). Nilipigia mstari jibu bora la kila mchezaji, nikaona hakuna seli (kisanduku cha jedwali la malipo) yenye mistari miwili, nikaandika kwamba mchezo hauna msawazo wa Nash, yaani hali ambayo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadili uchaguzi wake peke yake. Nilikosa. Nikarudia kwa kuchanganya mikakati, yaani kila mchezaji achague kwa uwezekano fulani badala ya kushikilia chaguo moja, nikasawazisha malipo ya A ili nipate uwezekano wa A, nikakosa tena. Tatizo ni nini?

JIBU: Mistari uliipiga sawasawa, ulichokosea kwanza ni hitimisho. Mwaka 1950 mwanahisabati John Nash alithibitisha kwamba kila mchezo wenye idadi yenye kikomo ya wachezaji na ya mikakati una angalau msawazo mmoja, ilimradi wachezaji waruhusiwe kuchanganya mikakati yao. Seli zote zinapokataa, basi, umethibitisha tu kwamba msawazo hauko ndani ya seli.

Kosa la pili ni zito zaidi, na hulifanya hata wanafunzi hodari. Mchezaji huwa radhi kuchanganya mikakati miwili pale tu inapomletea malipo sawa, na kinachoyafanya malipo ya A yalingane ni uwezekano ambao B hugawia chaguo zake, wala si wa A mwenyewe. Kwa hiyo uwezekano wa A hutafutwa katika malipo ya B. Tuseme A hucheza Juu kwa uwezekano p. B akicheza Kushoto hutarajia 2(1 − p), na akicheza Kulia hutarajia p; ukisawazisha, p = 2/3. Kisha tuseme B hucheza Kushoto kwa uwezekano q: 3q = q + 2(1 − q), hivyo q = 1/2.

Sasa badilisha ile 3 ya A iwe 5, ukokotoe upya. Wengi hutarajia A avutiwe zaidi na Juu, lakini p hubaki 2/3 ilivyokuwa, na ni q inayoshuka hadi 1/3. Binafsi, swali hili ndilo ningelitumia kumtambua aliyeelewa na aliyekariri.

Tahadhari moja kwa mazoezi yajayo: ukikuta seli 2 zenye mistari miwili, usiweke kalamu chini. Mwanauchumi Robert Wilson alionyesha mwaka 1971 kwamba karibu michezo yote yenye kikomo ina idadi witiri ya misawazo, kwa hiyo katika jedwali la namna hiyo huenda ukaupata wa tatu kwa hesabu hiihii ya p na q.