Minotauro ndani ya Doctor Who

Umeuliza kama kuna tamthilia ya sayansi iliyobeba kisa kizima cha Kigiriki, si majina tu kama Apollo wa Battlestar Galactica. Ipo, na kisa chenyewe ni cha Minotauro, kiumbe mwenye kichwa cha fahali aliyeishi katika jumba la njia za kupotezana huko Knossos, akala vijana waliotolewa na Athens hadi Theseus akamuua: The Horns of Nimon ya Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, sehemu nne, Desemba 1979 hadi Januari 1980, iliyoandikwa na Anthony Read. Panga upya herufi za Aneth, mojawapo ya sayari za hadithi hiyo, upate Athens bila s ya mwisho. Sayari ya Crinoth ni Corinth, mji wa Ugiriki, ile ya Skonnos ni Knossos iliyovurugwa kidogo, na kijana Seth ni Theseus. Aneth inatoa vijana kama kafara kwa Nimon, kiumbe mwenye kichwa cha fahali, anayekaa katika jengo ambalo kuta zake zinahama, kwa hiyo kukariri njia hakusaidii kitu. Mwishoni Doctor, mhusika mkuu, anafurahi kwamba safari hii meli imepakwa rangi nyeupe. Asiyejua kisa hapo hacheki: Theseus alisahau kubadili tanga jeusi la meli yake liwe jeupe, ishara kwamba yu hai, baba yake Aegeus akadhani mwanawe kafa, akajitupa baharini.

Ukiipenda, tafuta Underworld ya 1978, hadithi nyingine ya Doctor Who: Jason, shujaa wa Kigiriki aliyesafiri kutafuta ngozi ya kondoo ya dhahabu, anaitwa Jackson, na ngozi hiyo imegeuka mitungi ya dhahabu. Picha zake za mapangoni ni mbovu, vumilia.