Sinki linavuja chini hata baada ya kufunga tepu: kausha bomba kwanza

Umeuliza kwa nini bomba la chini ya sinki la jikoni bado linavuja baada ya kulizungushia tepu mara tatu. Nilihangaika hivyo hivyo wiki nzima, mpaka mbao za kabati zikavimba, kumbe nilikuwa natibu pasipouma.

Bomba la maji machafu halizibwi na hesi, yaani ile mikato ya kuzungushia nati. Ile nati kubwa ya plastiki kazi yake ni kukandamiza washa ya mpira, na washa ndiyo inayozuia maji. Tepu nyeupe inafaa kwenye bomba la maji safi lenye presha; hapa haisaidii, tena inaweza kuifanya nati ikae upande.

Toa vitu vyote kabatini, futa bomba likauke kabisa. Ziba tundu la sinki, jaza maji, kisha pitisha karatasi ya chooni kuzunguka kila kiungo, ukianzia juu. Usiamini pale tone linapodondokea, maana maji hutambaa na bomba mpaka kona ya chini ndipo yadondoke. Karatasi ikilowa wakati tundu bado limezibwa, tatizo ni chujio pale linaposhikana na sinki. Livue, usafishe, ulirudishie kwa silikoni. Ikibaki kavu, achia maji yote kwa mkupuo, upime tena. Kwangu ililowa kwenye nati ya juu ya lile bomba lililopinda kama U.

Weka ndoo kabla ya kufungua, kwa sababu kona hiyo hukaa na maji muda wote, na ndiyo yanayozuia harufu isipande. Kama ulimwaga dawa ya kuzibua, vaa glavu na miwani: maji hayo bado yanaunguza.

Washa niliyoitoa ilikuwa imekakamaa, na ubavuni ina ufa mwembamba kama unywele. Nenda dukani na ya zamani mkononi. Mabomba mengi ya sinki la jikoni ni ya inchi 1½ au milimita 40, lakini saizi hizo zinakaribiana kiasi cha kukudanganya.

Angalia sana namna ya kuiweka washa mpya. Kama ni ya umbo la koni, upande mwembamba uingie kwenye mdomo wa bomba linalopokea, upande mpana uegemee nati. Mimi mara ya kwanza niliigeuza, ikavuja kuliko mwanzo.

Kaza nati kwa mkono mpaka igome, ongeza robo mzunguko tu kwa koleo. Ukizidisha, nati ya plastiki inapasuka. Na kama mabomba hayaonani vizuri, usiyavute kwa nati: legeza zote, yapange yanyooke, ndipo ukaze moja moja.

Jaza sinki tena, achia, pima kwa karatasi, kisha tandika karatasi kavu chini ya kona ilale hapo usiku kucha. Yangu niliikuta asubuhi kavu kabisa, ndipo nikarudisha vitu kabatini.