Fundi Anajibu: Paneli za Kuzuia Risasi kwa Vyumba vya Fedha

SWALI: Habari za kazi fundi. Sisi ni SACCOS hapa Mwanga, Kigoma, tunahamia jengo la kupanga, tupo ghorofa ya kwanza, kuna chumba tunataka kiwe cha fedha na mbele yake kaunta 2. Ukuta wa katikati ni fremu za mbao na jipsam tu. Fundi wetu wa kuchomelea anasema tupige pleti ya chuma ya milimita 3 tupake rangi basi yaishe, muuzaji mmoja kutoka Dar yeye analeta paneli za faibaglasi anasema "hii ni levo 6, inazuia SMG". Bodi imegawanyika nusu kwa nusu. Tuchukue ipi? (Katibu, Kigoma)

JIBU: Ndugu katibu, nashukuru mmeuliza kabla hela haijatoka. Hilo neno la muuzaji nianze nalo maana ndo linanitisha kuliko pleti ya fundi wenu. Paneli nyingi zinazoingia zinapimwa kwa kipimo cha Marekani kinaitwa UL 752, kina levo zake, na watu wanadhani ni kama madarasa ya shule kwamba 6 ni kubwa kuliko 4, hapana. Levo 1 mpaka 3 ni bastola, ya 1 ni milimita 9, ya 2 ni Magnum .357, ya 3 ni Magnum .44, zote paneli inapigwa risasi 3 kwenye jaribio. Ya 4 na ya 5 ni bunduki ndefu lakini risasi moja moja tu. Halafu ya 6 inarudi tena kwenye milimita 9, ile inayotoka kwenye bunduki fupi ya rashasha, ambayo kwa Kiingereza ni submachine gun, kifupi SMG, risasi 5. Ya 7 ni risasi ya bunduki ya kivita ya milimita 5.56 na ya 8 ni milimita 7.62 ya majeshi ya NATO, zote risasi 5.

Sasa sisi huku tukisikia polisi wametaja SMG kwenye taarifa ya habari tunaelewa Kalashnikov, na hiyo inapiga risasi ya 7.62 kwa 39 (upana wa risasi na urefu wa ganda lake kwa milimita) inayotoka kwenye mtutu kwa mita kama 715 kwa sekunde. Levo 6 haijapimwa kwa kitu hicho kabisa. Sisemi muuzaji kadanganya, inawezekana kasoma karatasi akaona SMG akaamini, ila keshia wenu atakayekaa nyuma ya hiyo paneli haimsaidii kitu kujua nani alikosea.

Kwa hiyo bodi ikae ijibu swali moja tu, tunajikinga na silaha gani. Kama mnachohofia ni bastola basi levo 3 inatosha, ni paneli ya kama milimita 12, inabebeka. Lakini mkoa wetu tunaujua wenyewe, tumepakana na Burundi, Kongo ni kuvuka ziwa, na kuna miaka mabasi ya Kasulu na Kibondo yalikuwa hayatembei bila kusindikizwa na askari. Mimi kwa chumba chenyewe cha fedha ningeenda levo 8, na juu yake ningemuomba muuzaji ripoti ya maabara inayotaja 7.62 kwa 39 kwa jina, maana haimo kwenye UL 752 na risasi hiyo mara nyingi ina kiini cha chuma laini wakati zile za levo 8 zina kiini cha madini ya risasi, yaani ledi. Kipimo cha Ulaya cha VPAM kinayo, ni daraja la 6, akileta cheti cha hicho ni sawa kabisa. Ripoti iwe na unene na aina ya paneli ileile mnayouziwa. Brosha sio ripoti, na video ya mtu anapiga paneli porini sio ripoti.

Pleti ya milimita 3 achaneni nayo. Bunduki ya kivita inaitoboa, hata bastola inaweza kuitoboa, na isipotoboa, vipande vinaruka pembeni vinaweza kumpata mteja au mlinzi aliyesimama karibu. Kuna chuma kigumu maalum cha kazi hii, ila hicho ni kingine na sio cha dukani kwa wauza vyuma. Faibaglasi inafanya kazi kwa namna tofauti, ni vitambaa vya nyuzi za kioo vimegandishwa na gundi tabaka kwa tabaka, risasi ikiingia tabaka zinaachana zinaimeza humohumo, hairudi. Inakatwa kwa msumeno wa umeme wenye meno magumu au disk ya almasi, fundi avae barakoa na miwani kwa sababu lile vumbi ni kioo.

Uzito sasa, na hapa msifanye haraka. Levo 3 ni kama kilo 24 kwa mita moja ya mraba, shiti nzima ya futi 4 kwa 8 ni kama kilo 70. Levo 8 inakaribia milimita 35 na shiti moja inaweza kupita kilo 200. Nyie mpo ghorofani na jengo sio lenu, kwa hiyo injinia aangalie slabu kwanza na mwenye nyumba asaini, kabla hata ya kuagiza, maana kurudisha mzigo huo Dar ni hasara nyingine.

Halafu niwaambie sehemu ambayo ofisi nyingi inaachwa wazi. Juu ya kaunta wanaweka kioo kizuri cha bei, chini ya kaunta ni plaiwudi na fomaika, na keshia amekaa, tumbo na kifua chake viko nyuma ya plaiwudi. Paneli ishuke mpaka sakafuni, nyuma ya mbao ya kaunta, haionekani wala haiharibu urembo. Kila maungio ya shiti na shiti yawekewe kipande cha paneli hiyohiyo cha upana wa sentimita 10 kwa nyuma, skrubu zipite humo. Ukitoboa kwa ajili ya soketi ya umeme, nyuma ya tundu weka kipande kingine. Kwa juu paneli ifike kwenye slabu, dari ya jipsam haizuii kitu. Na mlango, jamani mlango! Mninga mzuri wa Tabora unapendeza lakini risasi ya bastola inapita, kwa hiyo mlango, fremu, bawaba na kitasa vyote viwe vya levo moja na ukuta. Kama hela haitoshi chumba chote, punguzeni ukubwa wa chumba, msipunguze levo wala msiache mlango.

SWALI: Mwangaluka fundi. Chama chetu cha msingi cha tumbaku kipo Urambo, tunajenga ofisi mpya na chumba cha malipo kwa wakulima. Tofali za kuchoma tunazo nyingi, je zinatosha au tununue hizo paneli? (Mama Mhasibu, Urambo)

JIBU: Mwangaluka mama yangu. Nyie bado mnajenga na mpo chini, mna bahati, paneli za ukutani hamzihitaji. Tofali za kuchoma za mtaani hazilingani, moja imeiva nyingine mbichi katikati, na hakuna aliyezipima kwa risasi, msiziwekee roho za watu. Blok zenye matundu nazo zikiachwa tupu bunduki inapita. Kwa chumba hicho kimoja tumieni blok za inchi 8 matundu yote yajazwe zege na nondo zisimame ndani, au mwageni ukuta wa zege lenye nondo wa unene huohuo, injinia wa halmashauri awachoree. Hela mnayookoa wekeni kwenye mlango na dirisha la malipo.

Kioo cha dirisha hilo, mkipewa cha kipimo cha Ulaya EN 1063, ambacho madaraja yake yanaandikwa BR na namba, angalieni herufi baada ya namba. BR4 S maana yake risasi haipiti lakini kioo kinamwaga vipande upande wa ndani, NS hakimwagi. Keshia anakaa karibu sana na kioo, chukua NS. BR4 yenyewe ni ya bastola, bunduki ya kivita inaanzia BR5 kwenda juu. Hela ipite kwenye trei iliyopinda chini ya kioo, pasiwe na tundu lililonyooka.

SWALI: Tukihama jengo, paneli zinang'oleka? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Zinang'oleka kama zimefungwa kwa skrubu na sio gundi. Pigeni picha kila ukuta kabla ya kufunika na jipsam, andikeni namba nyuma ya kila shiti, na cheti kikae kwenye faili la jengo jipya. Ila shiti iliyowahi kupigwa risasi, hata moja, msiifunge tena.