Nile Kinnick Alikufaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba uwanja wa kandanda ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa una jina la mwanafunzi aliyefariki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Je, aliuawa na adui?

JIBU: La, ndugu msomaji, na hilo ndilo linaloifanya habari yake iwe chungu zaidi. Nile Kinnick, aliyezaliwa mwaka 1918 katika mji wa Adel, Iowa, alitunukiwa Tuzo ya Heisman mwaka 1939, akiwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Alipoipokea, alimshukuru Mungu kwamba alizaliwa kucheza katika viwanja vya nchi yake badala ya kupigana katika medani za Ulaya. Aliikataa kandanda ya kulipwa, akaanza kusomea sheria (babu yake mzaa mama alipata kuwa gavana wa Iowa), kisha akajiunga na urubani wa jeshi la majini, akaripoti kazini siku chache tu kabla ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii.

Tarehe 2 Juni 1943, akifanya mazoezi kutoka manowari ya kubebea ndege Lexington karibu na pwani ya Venezuela, ndege yake ilivuja mafuta ya kulainishia injini, akalazimika kutua baharini. Waokoaji walipofika walikuta utando wa mafuta tu. Mwili wake haukupatikana. Alikuwa na miaka 24. Uwanja ulipewa jina lake mwaka 1972.