"Quarter to nine" ni saa ngapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni kuhudumia wateja wa nje kwa simu. Juzi mmoja aliniambia nimpigie asubuhi, "quarter to nine". Nikampigia saa tatu na robo, nikakuta ameshakasirika. Kila nikitajiwa saa kwa Kiingereza huwa najumlisha na kutoa kichwani, na nikija kumaliza mwenzangu yuko mbali. Je, kuna njia nyepesi?

JIBU: Marahaba. Mteja wako alikuwa akikungoja saa tatu kasorobo, kwa hiyo ulichelewa nusu saa nzima. Saa yenyewe uliipata sawasawa. Kilichokuponza ni kale kaneno "to".

Tuanze na hiyo hesabu ya kichwani: iache. Itazame saa ya mishale inapotimia saa tatu asubuhi. Mshale mfupi umeelekea kwenye 9. Sisi ndio tunaosoma namba iliyo mkabala nayo, yaani 3, kwa sababu saa zetu tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza, na tena linapozama. Kiingereza kinasoma kilichoandikwa pale pale. Basi ukitaka kutaja saa kwa Kiingereza, usianze na neno "tatu" kisha ukaliongezea sita. Anza na hiyo 9 unayoiona. Na ukisikia "nine", uone mshale umeelekea kwenye 9. Jicho lako limeshazoea tangu utotoni kwamba hapo ni saa tatu, halihitaji kukokotoa.

Sasa dakika. Hapa mpangilio unageuka: Kiswahili hutanguliza saa, Kiingereza hutanguliza dakika. Sisi tunasema "saa tatu kasoro dakika kumi". Wao "ten to nine". Maneno yanayobeba maana yote ni mawili. "Past" ni dakika zilizokwisha pita tangu saa itimie, na hutumika hadi nusu saa: "ten past nine" ni saa tatu na dakika kumi, "half past nine" ni saa tatu na nusu. Baada ya hapo "to" inashika zamu, nayo ni kasoro yetu. Saa inayotajwa ni ile inayokuja.

Taabu ni kwamba "to" haitamkwi kwa uzito. Katika mazungumzo ya haraka husikika kama "ta" fupi iliyomezwa, karibu kupotea: "kwota-ta-nain". "Past" nayo hupoteza t yake mwishoni, ikabaki "paas". Kwa hiyo usisubiri "to" iliyo wazi. Ukisikia "quarter" na hukusikia s yoyote kabla ya saa, shuku kwamba ni kasorobo, kisha uliza.

Namna ya kuuliza ndiyo ningependa uishike kuliko yote: rudia saa ile ile kwa mtindo mwingine. Kiingereza kinaruhusu pia kusoma tarakimu kama zilivyo, saa kwanza, dakika baadaye. Mteja akisema "quarter to nine", wewe mjibu: "Eight forty-five, right?" Kama ulikosea atakurekebisha papo hapo. Kwa simu mimi napendelea mtindo huu hata nisipokuwa na shaka. Dakika zilizo chini ya kumi hutanguliziwa "oh": 8:05 ni "eight oh five". Jihadhari tu na "fifteen" na "fifty": ya kwanza kaza sauti mwishoni na usikize n, ya pili kaza mwanzoni.

"O'clock" ni ya saa kamili pekee. "Nine thirty o'clock" haisemwi. Dakika zisizogawanyika kwa tano huongezewa neno "minutes": "seven minutes past nine".

Waingereza wana mkato wa "half eight". Huo ni 8:30, saa mbili na nusu. Mtu aliyepita kwenye Kijerumani hudhani ni 7:30, kwa kuwa huko "halb acht" ni nusu ya kuelekea 8. Wamarekani, kwa upande wao, husema "quarter after" badala ya "past", na wengine husema "quarter of nine" wakimaanisha kasorobo.

Na kwa kuwa wateja wako wako mbali, angalia sana neno "morning". Kwa Kiingereza siku mpya huanza saa sita usiku, na "morning" huanzia hapo hapo. "Two in the morning" ni saa nane usiku, wala si asubuhi hata kidogo. Mtu akikwambia "two o'clock on Saturday morning", anazungumzia usiku wa kuamkia Jumamosi, ule ambao wengi wetu tungeuita Ijumaa usiku. Ukiandika miadi ya namna hiyo kwenye daftari lako, andika tarehe kabisa.